Mtungi wa Mama Somoe

Jumatano, Chilangala. Jua kali tangu asubuhi, korosho zimeanza kudondoka, mvua bado. Mwanangu Agnesi amelala. Nimeketi barazani na daftari, miguu inauma mpaka nyongani.

Nimechoka, lakini nisipoandika leo, kesho nitajifanya nimesahau.

Sisi wa huku juu maji tunayafuata bondeni. Unashuka jogoo wa kwanza, unapanda jua likiwa limeshapata nguvu, mtungi kichwani, mtoto mgongoni. Wanasema serikali italeta bomba, maji yapandishwe kwa mashine. Tutaona. Kwa sasa kisima kinachuruzika kidogo kidogo, na kule hatupangi watu, tunapanga mitungi. Unaweka wako nyuma ya uliotangulia, unakwenda kukaa kivulini. Kuugusa mtungi wa mwenzio ni kama kuingia jikoni kwake bila hodi.

Mwezi uliopita jirani yangu, Mama Somoe, aliugusa wangu. Aliusogeza nyuma akaweka wake. Nilimwona kwa macho yangu.

Sikugombana naye. Nilifanya vibaya zaidi: nilisema. Nilisema kisimani, nikasema njiani, nikasema hata tukitoka kanisani. Mwisho wanawake wakakata shauri kwamba mtungi wa Mama Somoe utakuwa wa mwisho kila siku. Nikanyamaza. Na ilinifurahisha, sitaficha.

Jumapili Padre alihubiri juu ya kumpenda jirani. Niliitikia kwa kichwa, huku nikimfikiria mama mkwe wangu. Mama Somoe, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, hakunijia akilini hata kidogo.

Leo nilipopanda na maji nikapita kwake. Somoe alikuwa analia, kile kilio kikavu cha mtoto aliyeishiwa nguvu. Mama yake amejilaza mkekani pembeni yake.

Nikapitiliza.

Nilifika nyumbani, nikatua mtungi, nikamnywesha Agnesi. Nilipotaka kunywa mimi, nikayarudisha maji mtungini. Nikainjika sufuria, nikachemsha maji, nikayapoza, nikavuka.

"Hodi."

"Karibu. Umekuja kunisimanga, Mama Agnesi?"

"Nimekuja na maji. Kusimanga nitakuja siku nyingine."

Alicheka, halafu akalia. Akanieleza kwamba juzi alifika kisimani alfajiri akachota jua likizama. Yaliyobaki yalikuwa tope. Aliyachuja kwa khanga, mtoto akayanywa, na tangu jana anaharisha. Baba yake yuko mashamba ya mkonge, Lindi, kama mume wangu. Hakuna wa kumtuma bondeni.

Somoe ni rika moja na Agnesi. Walianza kusimama wiki ileile moja.

Tulimnywesha kijiko kimoja kimoja, maji yenye chumvi kidogo na sukari, kama wanavyotufundisha kwenye zahanati ya misheni. Nikafua nguo zake. Adhuhuri imepita, akakojoa, mara ya kwanza tangu jana. Wanawake wazima wawili tukapiga vigelegele kwa ajili ya mkojo.

Tulipotulia, akasema mwenyewe, "Mtungi wako niliusogeza kweli. Siku ile huyu alikuwa na homa, nilitaka kuwahi."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Nikainuka, nikaianika nguo ya mwisho ya Somoe.

"Usirudie," nikamwambia. "Nakupa maji, lakini mtungi wangu usiuguse tena."

"Siugusi, mwenzangu."

Nilimtazama Somoe amelala, macho yameingia ndani. Mama yake alisogeza mtungi mara moja tu. Mimi niliuacha wake usogezwe mwezi mzima. Sikumwambia hivyo. Nilishindwa.

Mtoto bado hajapona. Kesho anahitaji maji safi, na mama yake hawezi kushuka akamwacha. Tumekubaliana Agnesi abaki kwake, mimi nishuke mgongo mtupu: mtungi wake kichwani, kibuyu changu mkononi. Nitauweka mtungi wake kwenye mstari, mahali pa anayewahi.

Wataujua. Una ufa uliozibwa kwa lami shingoni, hakuna asiyeujua. Mama Hadija ndiye atakayeanza, namjua, yule mdomo wake haulali: "He! Umehamia kwake lini?" Wengine watacheka. Kisha mmoja atainuka kuurudisha nyuma, kwa sababu ndivyo walivyozoea, kwa ajili yangu.

Kumpelekea maji leo haikuwa kazi. Hakuna aliyeniona. Kesho nitatakiwa kusema mbele ya wote kwamba maneno yale niliyaanzisha mimi, kwamba mtoto ameugua kwa sababu ya maneno hayo, na kwamba mtungi huu haurudi nyuma.

Ee Mungu, nijalie tu niufungue mdomo wangu kabla Mama Hadija hajaufungua wake.