Nimemtafuta Shetani Kasulu, Sijamwona

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, nakuomba unisaidie kabla Jumapili haijafika maana nimebanwa kweli. Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, nimelelewa Kibondo na baba ambaye ni mchungaji, nyumbani hatuna redio wala televisheni, na nilipochaguliwa kuja kusoma Kasulu kanisa zima lilifunga kuniombea nisimezwe na dunia, nikaja nimejiandaa kupigana, sasa mwaka umeisha na hakuna aliyenishawishi chochote, mwenye nyumba niliyopanga, Mama Zuhra, ni Mwislamu na ndiye anayenigongea mlango nisichelewe ibada, nikaona labda kasoro ni yangu nikaenda mwenyewe kwenye meza ya pulu, wale vijana wakanipa funguo za bodaboda zao niwashikie, eti nina uso wa mtu mwaminifu, nikaenda kilabuni kwenye urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, mama muuzaji akaniuliza, "Wewe ni mwana wa nani?" nikamtajia, akanipa ugali na maharage akanirudisha nyumbani.

Sasa Jumapili natakiwa nitoe ushuhuda jinsi nilivyoishinda dunia, na mdogo wangu wa kike, Prudence, naye amechaguliwa kuja kusoma huku, baba amesema atamruhusu au atamzuia baada ya kunisikia, nikisema sikujaribiwa watasema nimeanguka na ninawaficha, kwa hiyo nimeanza kutunga habari ya mwanamke wa nguo nyekundu aliyenifuata mpaka stendi, nikamkemea akakimbia, je, ni dhambi?

Askari Asiye na Vita, Kasulu

Mshauri anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, halafu nimekasirika. Umekaa mwaka mzima watu wanakulisha na kukuamini, na bado unaona aibu kwamba hawakukupa cha kusimulia. Ulitaka wakuharibu kidogo?

Hofu yako naielewa. Mtoto wa mchungaji hutazamwa mara mbili, na kurudi mbele ya watu waliofunga kwa ajili yako bila hata jaribu moja si rahisi. Nakuonea huruma. Lakini huyo mwanamke wa nguo nyekundu mwache leo hii. Kama ni dhambi, amri unazijua kuliko mimi. Mimi nakuuliza hivi: baba gani atamshusha binti yake kwenye stendi ya mwanamke kama huyo? Wewe utapigiwa vigelegele na kurudi shule. Prudence atapewa jembe.

Usingoje Jumapili. Mpigie baba yako leo, mweleze kama ulivyonieleza mimi, hata habari ya kilabu. Atafoka, mwache afoke. Kisha mpe simu Mama Zuhra waongee, mzazi kwa mzazi, aseme kama ana chumba cha binti. Kanisani sema kwa kifupi kwamba Mungu alikutangulia Kasulu, ukamkuta kwa watu. Na ukishika kipaza sauti, usiwatazame waumini wanaosubiri habari za shetani. Mtazame mdogo wako, ndipo ufungue mdomo.