Mlango wa Jiko la Mpepai

Keko, Dar es Salaam
14 Juni 2004

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama, na kwamba baridi ya mwezi huu haijamzidi mama kwenye vidole. Mimi sijambo, isipokuwa vumbi la mbao linanikaba kifua kama kawaida yetu maseremala.

Baba, nina habari, na nakuomba ukae kwanza kabla hujaendelea kusoma. Kuna shindano la kwenye televisheni linaitwa Mikono ya Nyumbani. Washindani wanapika, wanadarizi, wanasuka mikeka, wanapanga nyumba, na majaji wanatoa alama. Kila wiki mmoja anarudishwa kwao, na watazamaji nao wanapiga kura. Mama mmoja niliyemtengenezea kabati alinikuta karakana nawapikia wenzangu maharage, akaonja, akaniandikisha kwa utani. Nimechaguliwa. Mwanamume ni mimi peke yangu. Mshindi anapata cherehani na jiko la gesi.

Litaonyeshwa kila Jumamosi jioni. Nasikia Mbinga mjini kuna dishi dukani kwa Mansuetus. Naomba baraka zako kabla watu hawajakuletea habari wao.

Msalimie mama. Mwambie napika kama nilivyofundishwa.

Mwanao,
Nicholaus


Mpepai, Mbinga
29 Juni 2004

Mwanangu Nicholaus,

Marahaba. Barua yako nilipewa Jumapili nje ya kanisa, nikaisoma palepale, na hilo lilikuwa kosa, maana nilicheka halafu nikakasirika, na watu wananitazama. Sisi hatujambo. Mama yako yuko vilevile. Asubuhi ni mbaya, jua likitoka anapata nafuu. Kahawa tumeanza kuchuma. Wanunuzi binafsi wanapita na mizani zao, kila mmoja na bei yake, na chama chetu cha ushirika kipo kipo tu.

Nilikupeleka shule ya ufundi ukashike randa. Sasa nchi nzima itakuona umefunga aproni. Haya, hilo nitalimeza, wewe ni mtu mzima. Lakini liko lingine, na unalijua. Unajua nani anapika katika nyumba hii tangu baridi yabisi ilipovikunja vidole vya mama yako. Watu wanajua mikono inamwuma. Hawajui kwamba haishiki hata kijiko. Mlango wa jiko uliutengeneza wewe, likizo ya mwaka wako wa kwanza wa ufundi, ukaweka komeo kwa ndani kama nilivyokuagiza, na hukuuliza kwa nini. Wanajumuiya wakija kusali kwetu wanakula na kuramba vidole, wanasema Hildegardi ana mkono. Nami nakaa nao sebuleni kama mgeni. Iwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo baraka nakupa, ila kwa sharti moja. Wakikuuliza nani alikufundisha kupika, sema ni mama.

Baba yako,
Placidi


Keko, Dar es Salaam
19 Julai 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani na za kahawa? Mimi mzima, na bado nimo shindanoni. Wiki ya maharage nilipita bila shida. Wiki ya kudarizi nilijichoma sindano hadi kitambaa kikawa na ua moja jekundu ambalo sikulikusudia, lakini nikapita.

Waliniuliza, nami nikasema ni mama. Wakapiga makofi. Uso ulinichoma, baba, nikatazama chini. Jaji mmoja akadhani ni haya ya kuwa jikoni, akaniambia nisiogope, siku hizi dunia imebadilika. Nikamwacha adhani hivyo.

Huku mjini wanabishana kuhusu mimi kwenye vibanda vya chai. Mzee mmoja alikuja karakana kuchukua mbao zake, akasema hawezi kutengenezewa kitanda na mtu anayedarizi. Kesho yake mkewe akazirudisha.

Jumamosi ijayo nitapika ugali wa muhogo na usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Usipa nimeupata kwa shida, kwa Mnyasa mmoja anayeletewa kutoka Mbamba Bay. Nitazameni kama mtaweza.

Mwanao,
Nicholaus


Mpepai, Mbinga
3 Agosti 2004

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila mimi moyo haujatulia, na nitakueleza.

Nimekuona. Nilimwambia mama yako nakwenda kuulizia magunia, nikaenda dukani kwa Mansuetus, nikakaa nyuma kabisa, karibu na madebe ya mafuta ya taa. Sikutegemea umati ule. Watu wamejaa hadi barazani, wamegawanyika kama siku ya uchaguzi. Urbani fundi baiskeli akasema mwanamume anayedarizi vitambaa vya makochi ameishiwa. Marselina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akamgeukia: "Wewe shati lako halina vifungo viwili. Nani kaishiwa hapa?" Watu wakacheka mpaka Mansuetus akatishia kuzima jenereta. Wako wanaomtaka yule dada wa Tanga kwa jinsi anavyopamba meza. Wako wanaosema mashindano haya ni ya kuwafundisha wanawake kuwa watumishi, na huyo kijana kapotea njia. Lakini akina mama wa Mpepai wote wako upande wako, na sababu yao ni mama yako. "Huyo kalelewa na Hildegardi," wanasema, "mlitegemea nini?" Nikavimba kichwa, Nicholaus. Papo hapo nikaona aibu, kuvimba kwa sifa ambayo siwezi kuidai.

Halafu ukasonga ugali. Ukasimama, ukaibana sufuria kwa kijiti, ukakikanyaga kwa mguu, ukawa unausukuma mwiko mbele. Ephrasia muuza samaki, aliyeolewa hapa kutoka Liuli, akaacha kutafuna. Akasogea hadi kwenye kioo cha televisheni.

"Mbona hivyo hakuna mwanamke anayesonga!" akasema. "Hivyo wanasonga wanaume kambini, ziwani, sufuria iko juu ya mawe na upepo unaisukuma. Kaka zangu wanasonga hivyo, utadhani wanapiga kasia. Huyu kafundishwa na nani?"

Mama yako hajalala ziwani hata siku moja. Katika kijiji chetu aliyefanya kazi kambi za uvuvi kabla ya kuoa ni mimi. Marselina akageuka taratibu, akanitafuta kwa macho. Nikainama kama mtu aliyeangusha kitu, nikatoka.

Kule ziwani kila mwanamume anapika na hakuna anayecheka. Ukipanda huku mlimani ukapika kwako, anayesemwa ni mkeo. Mwaka ule wa kwanza wa ugonjwa mama yako alisemwa, na aliyeanza ni dada yangu mwenyewe: mke gani anashindwa hata kuivisha uji? Alilia hadi nikaogopa. Sitaki asemwe tena. Badilisha kusonga kwako. Kaa kigodani, vuta mwiko kwako kama wanavyofanya wanawake.

Baba yako,
Placidi


Keko, Dar es Salaam
23 Agosti 2004

Baba,

Shikamoo. Poleni na kazi. Mama anaendeleaje?

Nilitii. Nilikaa kigodani, nikavuta mwiko kwangu, na ugali ukawa na madonge. Jaji akauma donge la unga mbichi mbele ya kamera, akalitema kwenye kitambaa cha meza. Nilikuwa natoka siku ile ile kama si kura za watazamaji, na nimeambiwa nyingi zimetoka Mbinga. Baba, watu wa kwetu wanaipigia kura mikono ya mama, na kura hizo nazipokea mimi.

Sasa nimefika fainali. Ni Jumamosi, tarehe 11 Septemba. Kila mmoja atapika chakula alichofundishwa kwao, na atasimama kumtaja aliyemfundisha, na kusema alimfundisha vipi. Naona aibu, na si ya aproni. Nilijifunza kusonga nikiwa nimesimama kando yako, mlango umefungwa, moshi unatutoa machozi, na wewe unaimba kwa sauti ya chini ili usisikike nje. Leo nchi nzima inanipigia makofi, na wewe umejificha nyuma ya madebe ya mafuta ya taa.

Niruhusu nikutaje. Kama hutaki, andika upesi, barua inafika kwa siku chache, nami nitatii. Nisipopata barua, nitajua umeniachia mwenyewe.

Mwanao,
Nicholaus


Keko, Dar es Salaam
13 Septemba 2004

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo na kwamba ulikuwepo dukani.

Barua yako haikuja. Kwa hiyo nilisimama, nikakanyaga kijiti, nikasukuma mwiko mbele, na ugali ukaja laini bila donge hata moja. Waliponiuliza nikasema: ni baba yangu, Placidi wa Mpepai. Nikaeleza kambi za ziwani. Nikaeleza vidole vya mama, kwamba havishiki kijiko, kwamba unampikia na kumlisha, na kwamba mlango wenye komeo kwa ndani niliutengeneza mimi. Ukumbi mzima ulisimama, baba. Mpiga picha alikuwa anajifuta machozi.

Nimekuwa wa pili. Cherehani na jiko vimekwenda kwa yule dada wa Tanga, na ni haki yake. Lakini sijawahi kutembea nimenyooka hivi tangu nifike mji huu. Niandikie uniambie watu walisemaje.

Mwanao,
Nicholaus


Keko, Dar es Salaam
11 Oktoba 2004

Baba,

Shikamoo.

Nimengoja. Wiki iliyopita nilikutana na mdogo wake Urbani, amekuja kununua vipuri vya baiskeli. Ananiambia siku ile dukani hakuna aliyepiga makofi. Ananiambia Ephrasia alisema "Si niliwaambia?" na hata yeye mwenyewe hakucheka. Kwamba mama hajaonekana kanisani tangu siku ile. Kwamba jiko letu linatoa moshi, lakini wewe mtu akikusalimia unajibu huku unapita.

Nilidhani nimekupa heshima. Usiku wa fainali nilijiona shujaa. Sasa nashindwa kula hata ninachokipika mwenyewe. Kama nimewaaibisha, niambieni. Nitukaneni kabisa. Hiki kimya ndicho nisichokiweza.

Mwanao,
Nicholaus


Mpepai, Mbinga
7 Novemba 2004

Nicholaus mwanangu,

Anayeandika ni baba yako, lakini maneno ni yangu mimi, mama yako, na nimemwonya asiyanyooshe.

Hujambo? Sisi tunaishi. Mvua za kwanza zimenyesha.

Nimekukasirikia sana. Ulimwomba ruhusa baba yako. Mimi hukuniuliza, na mikono ni yangu. Ulinitoa ndani mbele ya nchi nzima, mimi niliyekuwa najifunika khanga hata mbele ya padre. Marselina alikuja asubuhi yake kunijulia hali. Nikamwambia baba yako aseme nimelala, na nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango namsikia.

Wewe ulifikiri baba yako ndiye aliyeona aibu ya kupika. Hapana. Yeye angepika barazani huku anapiga mluzi. Mlango ulifungwa kwa sababu mimi nilitaka ufungwe. Nilizipokea sifa zake miaka yote hiyo. Waliposema Hildegardi ana mkono, niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, na nilifurahi. Hiyo ndiyo aibu yangu, mwanangu, na inazidi ile ya vidole.

Barua yako ya kuomba ruhusa ilifika mapema. Baba yako aliiweka mfukoni, akanificha. Niliiona nilipomwambia avue shati lifuliwe. Nimemwuliza kwa nini hakukujibu, na hajasema. Hata sasa kalamu yake imesimama. Andika, Placidi. Mimi najua kwa nini. Alitaka atajwe, mara moja tu, na asiwe yeye aliyejitaja.

Jumapili iliyopita zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu. Nilitaka tuseme naumwa. Baba yako akasema kama ni kuumwa tumeumwa vya kutosha. Wakaja wote, hata Ephrasia na beseni lake la samaki. Tukasali, na hakuna aliyejua atazame wapi. Baba yako akatoka jikoni mwenyewe, amebeba sinia, jasho linamtoka. Akawatengea. Halafu akaja kukaa pembeni yangu, akamega tonge, akachovya, akanisogezea mdomoni mbele za watu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mikono yangu ilikuwa chini ya khanga. Nikaitoa, nikaiweka mapajani, wakaiona ilivyo. Nikafungua mdomo nikala. Marselina akaanza kulia. Ephrasia akasema, "Shemeji, chumvi imepungua," na hapo ndipo watu walipoweza kucheka.

Usidhani yamekwisha. Bado kuna wanaonitazama mikono kabla ya uso. Bado naona haya kila Jumapili kuanzia nyumbani hadi kanisani, lakini naenda. Mlango wako wa jiko baba yako ameung'oa. Ameuwekea miguu, ameulaza uani kama meza, anaanikia kahawa ya mwisho mwisho. Kila apitaye njiani analiona lile komeo lako linaning'inia.

Sijakusamehe bado. Njoo Krismasi nikugombeze ana kwa ana, halafu upike wewe, baba yako apumzike.

Mama yako,
Hildegardi


Hapa chini ni mimi sasa.

Kuna sentensi moja ya mama yako niliyokataa kuiandika. Inanihusu mimi. Utamwuliza mwenyewe ukija.

Ziko salamu zako tatu nilizozikalia. Ile ya Agosti, niliyoificha mfukoni, marahaba. Ya Septemba, marahaba. Na ya Oktoba, marahaba, mwanangu.

Baba yako,
Placidi