Nilikata aile ya jeep ya papa, nikasema ni Yves

Mama Pétronille, weye mwenye unashaurianga watu ku redio, leo fungua masikio yote mbili, juu shida yangu haiko ya bibi wala ya bwana, iko ya jeep, na kama unajua mambo ya ndoa tu basi tafuta mutu akusaidie, miye nitangoja.

Naitwa Guelord, niko na miaka kumi na tisa, masomo niliacha mu deuxième secondaire, si juu ya ujinga, hapana, ni juu mwalimu wa physique na miye kila mutu alikuwa na physique yake, na hapa mu quartier yetu, mutaa wa Nyakasanza, ukiuliza ni nani anafufua pikipiki yenye ilishakufa watakuonyesha kwetu, ata wale wenye kunichukia, watanitukana kwanza lakini watakuonyesha. Papa yangu, muzee Katsuva, iko na jeep yenye ilituleta siye wote kutoka Butembo, watoto sita na masufuria na mbuzi moja, na anaipenda kuliko mutu yeyote mu nyumba, mama anajua na alishakubali. Anabebesha ndani wachimbaji wa zahabu na mihogo ku barabara ya kwenda migodi ya Kilo. Mwaka jana, mvua ya mwezi wa kumi, akiisha kupita Iga Barrière, akaingia mu maji yenye alizania ni ya magoti, kumbe ni ya kifua, moteur ikavuta maji pahali pa hewa, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Muzee alilala mu jeep siku mbili na mihogo inanuka nyuma yake.

Toka pale nikawa na mawazo ya kumuwekea bomba ya hewa, ile ndefu inapanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa, moteur ikuwe inapumua kule juu wakati chini ni maji. Nilimuambia papa, akanijibu, «Guelord, kwanza pandisha suruali yako.» Basi. Alipoenda Kilo na pikipiki ya mutu kwa wiki mbili, akaniachia ufunguo nikuwe nawasha moteur kila asubui juu batri isikufe, kuwasha tu, «kuwasha tu» alisema mara tatu na kidole, miye nikasema ndiyo papa, na bomba nilikuwa nimeshanunua, plastiki ya maji, nikaipinda na moto, ikatoka muzuri sawa shingo ya bata.

Sasa sikia akili. Jirani yetu Willy iko na jeep ya namna moja na ya papa, ila ilitokea Uganda, volant, ule usukani, iko kuume, na iko na bomba ya hewa, ikipita siye wote tunaangalia sawa harusi. Nikaenda na carton, nikachora tundu lake lote, vis kwa vis, skrubu zote, ku aile ya kuume, ile bati yenye inafunika tairi ya mbele. Kiisha nikawaza: ya Willy volant iko kuume, ya papa iko kushoto sawa gari zote za Kongo, kwa hiyo kila kitu cha ndani lazima kiligeuka. Nikageuza carton, nikaiweka ku aile ya kushoto. Nikajisifu ata. Nikamuambia Yves, «Fundi mwingine angesahau kugeuza.»

Yves ni rafiki yangu toka primaire, na meuleuse ilikuwa yake, ile mashini ya kukata chuma, marehemu papa yake alimuachia, hakuachiwa kitu kingine. Akaniuliza, «Umefungua capot ukaangalia?» Nikamujibu, «Weye leta meuleuse, akili nitaleta miye.» Na capot, kile kifuniko cha moteur, ningefungua namna gani, Mama Pétronille, juu yake watu walikuwa wameweka redio na sahani ya mandazi, parcelle yote, kiwanja chetu, ilijaa, nilikuwa nimewaita miye mwenyewe waje kuona.

Nikakata. Cheche zinaruka, watoto wanapiga makofi, bati ikaanguka chini, duara safi. Wakatoa mandazi, nikafungua capot niunganishe bomba na filtre ya hewa, nikachungulia mu tundu, na batri ilikuwa inaniangalia. Filtre iko upande mwingine, kuume, pahali pamoja na ile ya Willy, haina habari na volant. Mutoto moja akauliza, «Sasa batri ndiyo itapumua?» Mpaka leo quartier yote wananiita Batri, na mama hajauliza juu ya nini.

Halafu sauti ya mama ikatoka jikoni, «Nani anakata kitu pale?» na wale wa makofi wote walikimbia. Tulibakia wawili. Yves, juu ni mutu wa mupango, alikuwa ameshaokota meuleuse anaipanguza. Mama akauliza tena. Miye nikaonyesha na kidevu, nikasema, «Alikuwa anajaribu mashini yake.» Yves aliniangalia, akabeba meuleuse yake akaenda. Mama akamupigia papa simu, papa akasema ule mutoto asikanyange tena kwetu. Na hapa ndiyo inaniuma, juu papa alikuwa ameshaongea na muzee Josaphat wa garage ya Iga Barrière amupokee Yves amufundishe soudure, kuunganisha chuma na moto, aanze lundi hii, jumatatu, na sasa papa amepiga simu amerudisha neno lake. Siku ine Yves hajibu message zangu, ata ile yenye nilimucheka ndani hajibu.

Papa anarudi samedi, jumamosi hii. Mupango wangu uko hivi: nikate sasa aile ya kuume, upande wa kweli, niweke bomba, tundu la kushoto nizibe na bati na rangi, muzee akiona bomba imesimama atafurahi atasahau, na Yves nitamutafutia kitu siku ingine. Ao niseme ukweli nipoteze ufunguo na jina? Nijibu haraka, meuleuse ingine nimeshaazima na disque yake ya kukatia imebakia moja.

Miye Guelord, fundi (wenye wivu wanasema Batri).

MAMA PÉTRONILLE ANAJIBU

Guelord, mutoto yangu, ni kweli mambo ya ndoa ndiyo najua, lakini bwana yangu aliendesha camion ku barabara hiyo hiyo miaka makumi mbili, na filtre nilizipanguza na mikono hii, kwa hiyo usinisikilie huruma. Weka ile disque chini. Chini kabisa. Sasa endelea kusoma.

Aile haikunikasirisha. Nilikucheka mpaka technicien wa redio akachungulia ku kioo ajue kama niko muzima. Fundi wa kweli wote wako na tundu moja pahali penye halikupaswa kuwa, uliza ule Josaphat atakuonyesha yake. Chenye kilinikatisha kicheko ni ile kidevu. Mutu alikuletea kitu kimoja chenye marehemu papa yake alimuachia. Akakuuliza kama umefungua capot, swali la akili kuliko yote yenye ilisemwa mu parcelle yenu siku ile. Weye ukamulipa na kidevu, kiisha unamutumia message za kumucheka! Unataka ajibu nini?

Na wacha kujidanganya juu ya mama yako. Quartier yote inakuita Batri, na unaniambia «hajauliza»? Mwanamuke mwenye alipanga watoto sita na mbuzi mu jeep moja toka Butembo, haulizi kitu chenye anajua. Anangoja uende mwenyewe. Kila siku yenye unachelewa, anakupima.

Ule mupango wako wa aile ya pili, utupe. Jeep yenye tundu mbili haimusahaulishi mutu kitu. Na «siku ingine» ya Yves haiko. Lundi yake iko moja, hii.

Kwa hiyo leo, haiko samedi, leo, umupe mama yako ufunguo kabla hajauomba, na umupigie papa simu. Usianze na bomba. Usianze na mvua ya mwezi wa kumi. Anza na jina la Yves: «Papa, ni miye nilikata. Yves aliniambia niangalie kwanza, nikakataa, kiisha nikamusingizia.» Halafu nyamaza, kitu chenye naona hujazoea. Atapiga kelele, simu ibakie ku sikio. Akimaliza, umuombe kitu kimoja tu, amupigie muzee Josaphat kabla ya jioni. Ukitoka pale uende kwa Yves na miguu. Usimucheke. Najua itakuwa nguvu kwako, lakini usimucheke mpaka yeye mwenyewe aanze. Anaweza kukufungia mulango. Rudi kesho.

Sasa bomba. Nakuambia wazi, mawazo yako ni ya mutu mwenye kumupenda papa yake, na mvua itarudi. Ile shingo ya bata iweke muzuri, usiitupe. Lakini muzee akubali kwanza, akiwa amesimama pale pale. Akikubali, capot iwe wazi na mandazi ibakie jikoni. Carton bila kugeuza. Kila pahali bomba inaungana, ufunge na collier, ile pete ya chuma, uzibe na mastic, ile gundi ya kuzuia maji, juu ikivuta hewa kule juu na maji kule chini, ni mapambo tu. Na tundu la kushoto usilifiche na rangi. Lifunike na bati na vis, lingoje. Kule Iga Barrière Yves atatafuta pahali pa kushona soudure yake ya kwanza, na siye tunajua pahali iko.

Ukimaliza kuna kipimo, bwana yangu ndiye alinionyesha. Moteur ikiwa inazunguka, mutu anapanda anafunika mudomo wa bomba na kiganja. Ikizima, iko sawa, haina pahali pengine inavuta kwa kujificha. Ikiendelea kuzunguka, inakudanganya, shuka utafute wapi.

Ule mukono usikuwe wako, Guelord. Weye simama chini, karibu ya batri yako. Mukono ukuwe wa Yves, na papa yako akiangalia.