Asali Iliyozidi Moshi

Tabora, 12 Machi 1974

Harufu zilinipotea siku niliyopasuliwa pua, kabla ya Ramadhani. Daktari aliniahidi majuma sita. Yamepita zamani.

Leo nimenunua madebe matatu ya asali kwa macho tu. Zamani nilikuwa nikifungua kifuniko najua kama mrinaji kazidisha moshi. Jirani yangu Mama Zuhura kapita mlangoni, kanusa, kaangua kicheko: "Shemeji, umenunua asali au umenunua jiko?"

Jioni tangawizi ya chai ilinijia puani, kidogo, ikapotea. Niligeuka nimwambie mke wangu. Kumbe yuko kijiji cha ujamaa na wazee wake, mimi nimebaki na duka.

Kesho nakwenda kwa daktari. Sitaki tena "subiri, bwana". Kabla ya saa sita aniambie wazi: pua inarudi, au niache asali?