Ng'ombe wa Kumi na Nane

Kwako dada Glenda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Terry, na kwamba goti lako limeanza kusikia dawa mpya. Furahieni jua la huko Hispania, maana huku Kent mvua bado haijatuonea huruma. Mimi sijambo, ila nina mikwaruzo mikononi na mgongo unaniuma, na sababu yake nitakueleza kwa majivuno makubwa.

Najua unasubiri jibu kuhusu kuhamia kwenu. Umeniuliza kwa barua, ukaniuliza kwa simu, ukaniambia chumba kimeshapakwa rangi na kwamba mjane hana sababu ya kung'ang'ania nyumba yenye ngazi. Vumilia kidogo, nikupe habari kwanza.

Nilikwambia nimejiunga na wale wanaojitolea kuangalia ng'ombe wa hifadhi ya kinamasi. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukisema mimi si ndiye yule niliyekuwa nikiona ndama napanda ukuta? Basi cheka tena. Ng'ombe ni wa Bwana Godden, nao hulishwa pale ili majani yawe mafupi na ndege wapate pa kutagia. Yeye anakaa mbali, hivyo sisi tunapokezana. Mwenye zamu anawahesabu, anahakikisha kila mmoja anatembea vizuri, kisha anawaandikia wenzake kwenye simu kwamba wote wako salama. Wako kumi na nane, wekundu wote. Zamu zangu ni Jumanne na Ijumaa.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na manyunyu. Nilisimama juu ya tuta, kama tunavyofanya sote mvua ikitushinda, nikahesabu kwa darubini. Kumi na nane. Nilikuwa nimeshatoa simu niandike, lakini mmoja aliyelala kando ya matete alinitia wasiwasi. Wenzake walikuwa wamesogea, yeye hatikisi hata sikio. Nikashuka kwenye tope nikamwone. Glenda, lilikuwa tangi la maji! Tangi kuukuu lenye kutu, Godden amelipindua pale na hajarudi kulichukua. Na Clifford, yule daktari wa meno mstaafu, alikuwa amelihesabu siku moja kabla, tena akatuandikia kwamba mmoja amejipumzisha matetini na afya yake ni nzuri sana.

Sasa wa kumi na nane yuko wapi? Nilifuata mifereji mmoja baada ya mwingine mpaka nikamwona, mtamba mdogo, amezama mpaka shingoni, pua tu iko juu ya maji. Nilimpigia Godden. Alikuwa mnadani, akasema anakuja na trekta, na akanionya nisithubutu kuingia majini. Sharti letu pia linakataza. Lakini kichwa kilikuwa kinazama kila mara, naye hana tena nguvu ya kukiinua. Nikalala kifudifudi ukingoni, nikashika kidevu chake kwa mikono miwili, nikakiinua.

Trekta lilichelewa mno. Mikono ilikufa ganzi, nikalia, nikamtukana, nikambembeleza. Nilimwambia asinifie mikononi, nimeshamshika mume wangu Derek mpaka mwisho na sitaki kushika mwingine. Hakufa. Godden na mwanawe walimfunga mikanda wakamvuta, akalala akitetemeka, kisha akasimama kwa miguu yake. Godden, ambaye maneno hutoka kwake kama anayanunua, aliniangalia nilivyopakaa tope mpaka nywele, akasema, "Mama, ungebaki kule tutani ungekuwa msafi, na mimi ningekuja kubeba mzoga."

Jioni kule baa walininunulia bia. Clifford alikuwa mwekundu kwa aibu kuliko ng'ombe, wakawa wanamuuliza kama tangi alilikagua meno. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Roz, ningekuwa mimi zamuni leo, angekufa. Asante." Najivunia, dada, nasema bila haya. Tangu nimzike Derek, watu wamekuwa wakinisaidia tu. Ijumaa ile palikuwa na kiumbe aliyenihitaji mimi, na niliweza.

Sasa jibu lako. Pale ukingoni, maneno yote yaliponiishia, nilimwambia yule mtamba jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: kwamba sitaki kuhamia Hispania. Nilishangaa kulisikia likitoka kinywani mwangu, na nililijua papo hapo kuwa ni kweli. Nisamehe kwamba ng'ombe amelisikia kabla yako. Siuzi nyumba, Glenda. Nakupenda, na najua utalia ukisoma hapa, nami ninalia nikiandika. Ila nitakuja Novemba, ng'ombe wakishapelekwa zizini kukwepa baridi, na nitakaa nawe mpaka siku watakaporudishwa malishoni. Siku hiyo lazima niwepo hapa niwahesabu.

Msalimie sana Terry, na umwambie asibadilishe rangi ya kile chumba.

Mdogo wako akupendaye,
Rosalind