Magadi Kwenye Tangi la Matumbawe

Jumapili, jioni

Na kibaya zaidi, nilijua. Miaka tisa nawahubiria wageni hapa Same kwamba bahari ya kwenye kioo haipendi haraka: kila dawa ipimwe, itiwe kidogo kidogo, isubiriwe. Leo asubuhi unga wa kuzuia maji ya tangi yasiwe na asidi ulikuwa umeisha, macho yakaangukia magadi ya jikoni. Nikajiambia, sisi Wapare yametulainishia makande tangu enzi za mababu, yatashindwaje na matumbawe? Nikatia kijiko kizima. Mhubiri mwenyewe!

Kufika saa sita matumbawe yalikuwa yamejikunja, na maji meupe kama ya kuoshea mchele.

Mke wangu alichungulia, mkono kiunoni. "Baba Neema, yakiiva uniite, niyaunge kwa nazi."

Tulicheka wote. Kisha akauliza taratibu, "Si ubadilishe maji?"

Nikamwonyesha ndoo. Bomba halijatoa tone tangu Alhamisi. Maji safi ya akiba yalikuwa nusu ndoo, na tangi lilihitaji ndoo kumi. Nimeyakoroga na chumvi ya bahari, nimeyatia. Hakuna kilichobadilika.

Samaki wangu wawili, niliowapata wakiwa wadogo kama kucha, wanahema juu juu kwenye kona. Lakini wanaonitisha ni konokono wa humo tangini, ambao hawayaachi maji ila yakiwa hayakaliki. Kutwa nzima walikuwa chini ya mawe. Sasa wote wanapanda kioo, polepole, hadi ukingoni.

Wa kwanza ameshatoka majini.