Mpaka Mama Aseme Basi

Nyumbani,
chumba cha nyuma, kwenye meza ya cherehani.
Jumapili mchana, tarehe tisa mwezi wa pili.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji na wale wanangu wawili, Bonge na Kipara. Je, Kipara ameota nywele, au bado mnampaka mafuta na kumwachia Mungu? Na mgongo wako unaendeleaje? Usinijibu kwamba hujambo, maana ukoo wetu huu hata mtu akiwa kalazwa anasema hajambo.

Sisi huku tupo. Baba anachomelea mageti yake kama kawaida, macho mekundu yale yale, na ile miwani ya kukinga cheche bado anaivaa kichwani badala ya machoni. Ukimsema anakwambia anaipumzisha. Mimi ni mhudumu wa wodi ya wanawake vile vile ulivyoniacha, napiga deki, natandika mashuka, nalisha wasioweza kujilisha. Mama nitamfikia. Nikianza naye sitaimaliza hii barua.

Najua unachosubiri ni matokeo. Kila ukipiga simu swali lako ni hilo hilo, na juzi nilikujibu kwamba hayajatoka, kumbe yalishatoka. Nivumilie, nayo nitakwambia. Lakini kwanza inabidi nikusimulie yaliyotangulia, kwa sababu Baba alikudanganya. Mama hakuteleza bafuni.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa. Mtihani wa Kiingereza wa kwanza nilipata E. Chuo cha uuguzi hakimpokei mtu aliye chini ya C, hata kama masomo mengine yote kafaulu, hata kama kaisugua sakafu ya wodi mpaka wagonjwa wanajiona sura zao. Na kurudia kwangu safari hii kulikuwa ndiyo mwisho, maana mwakani nitakuwa nimeshapita umri wanaoutaka. Ilikuwa nipate C, au nizeeke na deki yangu mkononi.

Mama lilimkaa rohoni kuliko mimi. Wateja wake wote wa kushonewa walijua kwamba mwanawe atakuwa nesi. Mtu akija kupimwa kiuno anaondoka na habari za mtihani wangu.

Sasa yule mwalimu wangu wa tuisheni, anayefundishia kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la rangi, siku moja alituambia kwamba Kiingereza cha darasani kinafia mlangoni mwa nyumba zetu. Nikaja nikalisema hilo nyumbani kama utani. Si unamjua Mama? Kesho yake alivaa viatu vyake vya kutokea akamfuata mwalimu huko huko, akamuuliza dawa yake ni nini. Akarudi na sheria. Kuanzia jioni ile, chakula cha usiku kinaliwa kwa Kiingereza. Atakayekosa neno asisaidiwe, asubiriwe mpaka alipate mwenyewe, na akilipata apigiwe makofi. Baba akauliza sheria hiyo inaisha lini.

"Mpaka niseme mwenyewe basi," Mama akamjibu, akaanza kupakua.

Ungekuwepo ungevunjika mbavu. Baba alikuwa na salamu moja tu, ile ya asubuhi, akawa anaitumia jioni kusalimia meza nzima pamoja na bakuli la mchuzi. Akitaka maji ananyoosha kidole. Mama anamzuia, kidole si lugha. Basi anakaa hivyo hivyo na kiu yake, jasho linamtoka, sisi tunamtazama, mpaka neno la maji linamtoka kama mtu anayeng'oa msumari. Tunapiga makofi, anakunywa glasi mbili.

Na Mama mwenyewe, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akawa bubu wa mezani. Umbea wote aliouvuna mchana kutwa kwenye cherehani hakuwa na Kiingereza cha kuusema. Ikabidi kabla ya kula akimbie kwa yule jirani yetu msusi, aumwage wote huko, ndipo arudi kuketi. Alianza na neno moja, thenkyu. Nilimfundisha mimi. Akalipenda, akawa analitumia kwa kila kitu. Ukimpa kijiko, thenkyu. Ukimkanyaga mguu, thenkyu. Baba akichelewa kurudi, anamfungulia mlango na thenkyu moja kavu, na Baba anaelewa kabisa ametukanwa.

Nisiseme uongo, ilisaidia. Nilianza kuongea bila kutetemeka. Mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu, na Mama nilipomwambia alicheka peke yake jikoni mpaka chakula kikaungua. Nadhani ile ndiyo ilikuwa wiki yetu nzuri kuliko zote.

Jioni yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Mchana Mama alikuwa amelalamika kwamba sindano inamdondoka, mkono una ganzi, nikamwambia amekaa vibaya kwenye kiti. Tukakaa kula. Katikati ya chakula akaweka kijiko chini, akaniangalia, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Tukasubiri, si ndiyo sheria. Baba akafurahi kuona safari hii aliyekwama si yeye, akaegemea kiti chake. Mama akajaribu tena. Ikatoka sauti nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, na mdomo ukaenda upande.

Nilicheka, Dada. Alikuwa na mchezo wa kumwigiza mwalimu wangu, na mwalimu huyo mdomo wake umepinda kidogo, nikajua ndiye anayeigizwa. Baba akaanza kumpigia makofi madogo ya kumtia moyo, nami nikaunga. Macho ya Mama yalitoka kwangu yakaenda kwa Baba, yakarudi kwangu. Sisi tunapiga makofi tu. Tulipiga mpaka mkono wake wa kulia ukaporomoka, na sahani nayo ikaenda chini.

Mimi, Dada. Mimi ninayeshinda wodini, niliyewalisha uji watu wa kiharusi sijui wangapi. Sura ile naijua. Angekuwa mgonjwa wa kitanda cha mlangoni ningeshapiga kelele kumwita nesi kabla hajafumba mdomo. Mezani kwetu nikadhani anatafuta neno. Daktari aliniambia dakika zile chache zisingebadilisha kitu. Daktari yule ni mtu mwema, nafanya naye kazi, na sauti anayoitumia kusema hivyo nimeshaisikia akiwaambia wengine.

Ndiyo maana Baba akakwambia bafuni. Usimgombeze. Anaona aibu na mikono yake. Juzi kijana wa pale karakana kwao kaoa, watu wote wanashangilia, Baba kakaa ameikalia mikono yake miwili kama mtu anayesikia baridi.

Mtihani ulikuja Mama akiwa bado hospitalini. Nilitaka nisiende. Baba alinisindikiza mpaka getini na akasimama pale nje hadi nilipotoka. Swali la insha lilikuwa lile lile ambalo mwalimu aliapa kwamba litakuja, siku ambayo hutaisahau. Na yeye alikuwa ametukaririsha jibu lake, harusi ya dada mkubwa, na keki, na mvua inayotishia kunyesha halafu hainyeshi. Darasa zima tulikuwa na dada huyo mmoja. Nilikuwa naye kichwani, neno kwa neno, nukta kwa nukta.

Nikashika kalamu, harusi ikakataa kuandikika. Nikaandika ile jioni. Nilianza vizuri, meza, viti, Baba na salamu yake ya asubuhi. Nilipofika kwenye mdomo wa Mama, Kiingereza kikaniishia. Sikujua mdomo kwenda upande unasemwaje, wala mkono kuporomoka. Nikakaa nalisubiri neno, kama tulivyozoea, na saa ya ukutani haina sheria ya kumsubiri mtu. Waliponinyang'anya karatasi nilikuwa nimejaza nusu ukurasa, na Mama hajaanguka bado.

Nimepata D, Dada.

Mwalimu anasema nimepanda. Anasema kutoka E kwenda D si mchezo, wengine wanarudia na wanashuka. Halafu akaniuliza kwa uchungu kabisa kilinishinda nini kuandika harusi. Binti wa msusi ameandika harusi, amepata B, na kwao hakuna hata dada. Sina kinyongo naye. Anakwenda chuo mwezi ujao, na nguo zake za chuoni zingeshonwa hapa nilipokaa.

Cherehani nimeifunika na shuka. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja, vingine vimekatwa tayari, magauni ya mkono mmoja, wanavipokea kwa adabu kama wanachukua kitu cha marehemu. Nilimfukuza mmoja aliyeanza kulia mlangoni. Mama anasikia kila kitu.

Maana Mama karudi nyumbani, na akili zake zote anazo. Upande wa kulia umelala. Anakaa akiegemezwa mito, anakula nikimlisha, msusi anakuja mchana kumpa umbea, na ukimwona macho yake utajua anaufuatilia vizuri sana. Ila maneno yameondoka. Wiki ya tatu lilirudi moja, na tulipolisikia Baba alitoka mbio nje kuwaita majirani. Thenkyu. Tukadhani mengine yako njiani. Hayajaja. Akitaka maji, thenkyu. Akikataa uji, thenkyu. Siku moja nilimgeuza vibaya nikamwumiza bega, machozi yakamtiririka hadi shingoni, na neno lililotoka ni hilo hilo. Nilikwenda kulia bafuni, pale ambapo Baba anasema aliteleza.

Na bado tunakula kwa Kiingereza. Najua utashangaa. Tulipomrudisha nilimwambia Baba tuongee tu lugha yetu, tumechoka. Baba akanijibu kwa Kiswahili, mara hiyo moja tu.

"Sheria si yangu mimi," alisema. "Mwenye nayo hajasema basi."

Basi kila jioni tunasogeza meza karibu na kitanda, na Baba anaisalimia asubuhi njema. Nilikuwa namhurumia. Siku hizi ananikasirisha, na nikishakasirika naanza kumhurumia upya. Nadhani anaona kwamba siku tutakayoongea Kiswahili mezani tutakuwa tumekubali kwamba Mama hatasema tena.

Matokeo yalipotoka nilikaa nayo siku nzima kazini, nikapiga deki korido moja mara mbili. Nikarudi, nikakaa ukingoni mwa kitanda cha Mama, nikamweleza kwa Kiswahili. Nikamwambia ni D. Nikamwambia hakuna mtihani mwingine, chuo ndiyo basi, na mimi nitabaki hapa naye. Kisha nikamwomba atufungulie. Si lazima aseme, nilimwambia, akipepesa jicho tu inatosha, au atikise kichwa, nitamwambia Baba kwamba amesema basi.

Aliniangalia. Halafu akasema thenkyu. Akauinua mkono wake wa kushoto akaanza kupiga godoro, taratibu, huku ananitazama usoni. Nilidhani anataka nisogee. Nikasogea, akaendelea kupiga. Ndipo nikaelewa kwamba ananipigia makofi.

Jioni ile niliomba chumvi kwa Kiingereza, na Baba akanipa.

Kwa hiyo usinitafutie chuo kingine huko, Dada, wala usinitumie vitabu. Najua moyo wako. Vile vya mwanzo vipo, nimeviweka chini ya mguu wa kitanda cha Mama uliokuwa mfupi, na sasa kitanda hakichezi. Ukitaka kunisaidia, njoo. Hata siku chache. Mimi namlisha na kumgeuza, hilo ndilo ninaloliweza, lakini sina wa kucheka naye humu ndani, na nyumba hii unajua ilivyokuwa.

Ukipiga simu, mwambie Baba kwamba unajua, ili aache kuitunza ile hadithi ya bafuni. Inamchosha. Na Mama nitamwekea simu sikioni. Atakupa neno lake. Usilie mpaka nimeiondoa, kwa sababu anasikia, na ukilia hana cha kukubembelezea zaidi ya lile.

Nisalimie sana shemeji, mwambie kiti chake hapa kwetu bado kina msumari uliochomoza. Mbusu Bonge. Mpake Kipara mafuta kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mama anakusalimu, nimemsomea barua hii kuanzia juu mpaka hapa, na unajua alichosema.

Mungu akutunze huko ulipo, akuwekee ulimi wako mwepesi na watu wa kuongea nao.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kitindamimba